Bawabu Haachi Mlango

Tolliver, Georgia
Jumapili, 5 Septemba 1965

Baba yangu mpendwa,

Salamu za nyumbani zikufikie huko kiwandani, zikukute mzima kama zinavyotuacha sisi. Mama hajambo, mgongo tu unamsumbua akisimama sana jikoni kwa Bi. Hollis. Mimi sijambo. Bamia zimezaa mwaka huu mpaka tunawagawia watu tusiowapenda. Je, wewe? Kile kikohozi cha moshi kimekuacha?

Sasa Baba, keti kwanza. Barua hii usiisome umesimama.

Jumatatu nilianza mwaka wangu wa mwisho wa shule, ila si kwetu sisi weusi pale Dorsey. Nimeanza katika shule ya wazungu. Serikali kuu imewalazimisha wamwache kila mzazi achague shule, na Mama amechagua. Ni mimi niliyemsumbua, usimlaumu yeye. Tulijiandikisha wanne, wote watoto wa kanisani kwetu Pisga. Kisha gazeti la hapa likachapa majina ya wazazi wetu, na haikupita wiki baba yake Curtis akaambiwa shamba analolima kwa kugawana mavuno na mwenyewe linatafutiwa mtu mwingine. Wenzake nao wakaogopa. Siku ya kufungua nilipofika getini niligeuka kuwatazama wenzangu, sikumwona hata mmoja.

Nilipoingia darasani, waliokuwa kwenye safu yangu walihama wote. Kijana mmoja akaziba pua. Msichana akauliza kwa sauti, "Nani kamruhusu mpishi aingie kabla ya saa ya chakula?" Wakacheka. Mwalimu aliendelea kuandika ubaoni kama hajasikia, na masikio anayo, tena makubwa. Nilipotaka kukaa, kiti kilikuwa kimeondolewa.

Unajua nilifanya nini? Nilisimama kama tunavyosimama mlangoni Pisga. Mgongo wima, mkono wa kushoto nyuma kiunoni, uso hausemi kitu. Ulinifundisha mwenyewe nilipokuwa mdogo, nikavaa glavu zako nyeupe zikanifika viwikoni. Uliniambia bawabu wa kanisa haongei, anasema kwa mikono, na watu wanaelewa. Basi nilisimama mpaka kengele ikalia. Siku ya pili kiti kilikuwepo.

Usinikasirikie. Au nikasirikie kidogo tu.

Binti yako,
Arletha

*

Detroit
14 Septemba 1965

Binti yangu Arletha,

Nakusalimu kwa jina la Bwana, wewe na mama yako. Kikohozi kipo, tumeshazoeana. Barua yako niliisoma nimesimama, kwa hiyo yaliyonipata ni shauri yangu.

Umesema nikasirike kidogo. Nimekasirika vya kutosha mimi na majirani zangu wa juu na wa chini.

Mtoto, hao watu mimi nawajua. Nilikwenda mahakamani kujiandikisha nipige kura kama mwanamume yeyote, nikatoka nikakuta watu wameegemea gari langu. Hawakunigusa. Walinitajia jina lako tu, na njia unayopita kwenda shule. Jina lako wewe, Arletha, si langu. Ndiyo maana niko huku. Niliapa mguu wangu hautakanyaga Tolliver tena, na miaka hii yote nimekaa na kiapo changu nikila mkate wa mahindi wa dukani, ambao peke yake ni adhabu tosha. Leo mama yako amekuchukua akakupeleka katikati yao, na vitabu mkononi!

Tiketi ya basi imo humu ndani. Shangazi yako Inez amekutolea chumba chenye dirisha. Shule ipo mwendo wa kutembea. Huku nako si mbinguni, lakini hakuna atakayekuondolea kiti. Fungasha, uje. Katika hili sitaki mjadala.

Baba yako,
Hosea

*

Tolliver
3 Oktoba 1965

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini hasira imepoa na kikohozi pia. Sisi wazima. Mama anasema nikuambie kwamba yeye hakunichukua kunipeleka popote, kwa siku kadhaa aliniomba nisiende, akashindwa, na kwamba ukaidi huu haukutoka upande wake.

Tiketi yako imo humu. Sikuidharau, Baba. Nimelala nayo chini ya mto, na zipo siku niliangalia lile neno "Detroit" mpaka likanitoa machozi. Lakini sheria ni yako mwenyewe. Bawabu haachi mlango mpaka mwenzake aje, asimame kando yake, amguse bega. Unaikumbuka ile ibada ya mvua, Mzee Pettigrew aliposahau kuja kukupokea? Ulisimama pale watu wakala, wakaosha sahani, wakaanza kuagana. Mama akakuletea paja la kuku ukakataa kulishika kwa sababu ya glavu! Tulikucheka mwaka mzima. Sasa mimi nikiondoka leo, nani amenigusa bega?

Nikuchekeshe. Wiki iliyopita mwalimu mkuu, Bwana Crump, aliniita ofisini. Wanafunzi wamemshitakia kwamba natembea na kitu nyuma ya mgongo. Wanasema ni kisu.

"Geuka," akasema. Nikageuka. "Huo mkono. Unaficha nini?"

"Sifichi kitu, bwana."

"Fungua kiganja."

Nikafungua. Alikitazama kiganja changu, akakigeuza kwa ncha ya kalamu yake kama mtu anayegeuza samaki asiyemwamini. Hakukuwa na kitu. Akaniuliza sasa kwa nini nauweka nyuma. Nikamwambia ndivyo tunavyosimama kanisani. Akanitazama kama nimemwambia uongo mkubwa kuliko kisu. "Basi hapa si kanisani," akasema. Nikaitika, nikatoka, na nilipofika koridoni nikaurudisha mkono mahali pake.

Usinyamaze, Baba. Nigombeze, lakini usinyamaze.

Binti yako,
Arletha

*

Tolliver
12 Desemba 1965

Baba yangu,

Shikamoo tena. Sisi tu wazima wa mwili. Kwako sijui, maana huandiki. Bahasha zako za matumizi Mama anazipata, lakini hata neno moja la salamu hakuna ndani, na Mama huzitikisa kila mara kuhakikisha.

Hasira yako naiheshimu, ila habari za nyumbani ni haki yako kuzijua. Bi. Hollis amemwachisha Mama kazi. Mama amempikia tangu sijazaliwa, akamlelea watoto wake wote, na bado alimwachisha akiwa anamimina mchuzi. "Ozella," akamwambia, "unajua hili si langu, ni majirani." Mama akamaliza kumimina, akavua aproni, akasema, "Basi majirani wakupikie Krismasi." Sasa anaoka pai za viazi vitamu nyumbani, anawauzia watu wa kanisani. Anaimba zaidi kuliko zamani. Usiku hapati usingizi, hilo nalijua kwa sababu na mimi sipati.

Shuleni hawanitupii tena maziwa saa ya chakula kama walivyofanya mwanzoni. Sasa wameamua sipo. Nikijibu swali darasani, mwalimu anauliza tena swali lile lile, mwingine anatoa jibu langu, anasifiwa. Kutukanwa kulikuwa afadhali, maana anayekutukana angalau amekuona.

Nililegea kidogo, nakiri. Mama Tarver akanikamata Jumapili. Unamjua, ndiye mkuu wa mabawabu, hata Mchungaji anamwogopa. Alinitazama nikiwa mlangoni, akaja pole pole na fimbo yake.

"We mtoto. Huo ukuta ni wa nani?"

"Wa kanisa, Mama Tarver."

"Umeomba ruhusa ya kuuegemea?"

"Sikujua naegemea."

"Hujui! Mgongo wako haujui? Kama unaegemea hapa penye watu wanaokupenda, huko kwa wale si utalala kabisa?" Kisha akanirekebisha mabega kwa mikono yake miwili, akanong'ona, "Mlango wa katikati wa baba yako sijampa mtu, unaona? Uko wazi tangu aondoke. Nikisema mtu atarudi mahali pake, mimi husubiri. Sasa simama."

Nimesimama, Baba. Andika basi.

Binti yako,
Arletha

*

Detroit
24 Desemba 1965

Mwanangu Arletha,

Heri ya Krismasi kwako na kwa mama yako. Theluji imefika kwenye madirisha. Niko salama. Nimenyamaza si kwa kukuchukia. Kila nilipoandika, barua ilikuwa inakuambia uje, nami nilijua hutakuja, nikazichana.

Habari ya mlango wangu sikuijua. Nimeisoma mara nyingi. Huku kanisani wameniomba tena na tena niwe bawabu, nami hukaa benchi la nyuma kama mgeni, nikisingizia miguu. Miguu haina neno. Nitashikaje mlango wa pili na wa kwanza sijapokewa?

Pokea kifurushi hiki. Ni zile glavu zangu nyeupe. Nilikuja nazo mfukoni, ndicho kitu pekee cha Pisga nilichoondoka nacho. Najua zitakupwaya. Usizivae shuleni, watasema zina bunduki. Ziweke kwenye mkoba, na wakikuambia hupo, zishike.

Mwambie mama yako Bi. Hollis atakula Krismasi iliyoungua, na mimi nitacheka toka huku.

Baba yako,
Hosea

*

Tolliver
6 Machi 1966

Baba,

Shikamoo. Samahani kwa mwandiko, naandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia umevunjika, umefungwa plasta.

Nilisukumwa ngazini. Sikuona ni nani, nilisikia tu vicheko, kisha nikawa chini na vitabu juu yangu. Watu wakanikwepa kama wanavyokwepa dimbwi. Nilikwenda hospitali kwa miguu, nikangojea kwenye chumba cha weusi mpaka Mama akaja. Bwana Crump ameandika kwamba nilijikwaa.

Nimechoka, Baba. Sitaki kuwa shujaa wa mtu. Kanisani wananishika mikono, wananiambia wanajivunia, halafu wanawapeleka watoto wao Dorsey. Natamani kukaa darasani na mtu aniazime kifutio, basi. Kama ile tiketi bado ipo, naitaka.

Binti yako

*

Detroit
10 Machi 1966

Mwanangu mpenzi,

Pole. Pole, mama. Barua yako nimeipata leo na leo hii naijibu, nikiwa bado na nguo za kazi. Nilitaka kuvunja kitu humu ndani nikakumbuka vyote ni vya mwenye nyumba.

Tiketi hii hapa, mpya. Haina masharti. Sitakuambia kaa, maana nitakuwa baba wa namna gani? Sitakuambia njoo, maana nimeshaelewa wewe ni bawabu kuliko mimi. Ukishuka hapa kituoni utanikuta, siku yoyote, basi lolote, na hakuna atakayekuuliza kwa nini. Ukibaki, hutakuwa umenikaidi.

Ila nakuambia hivi, na ni kweli tupu: uliyoyafanya tayari yanatosha. Usibaki kwa sababu ya kanisa, wala ya fimbo ya Mama Tarver, wala ya kuku niliyemkataa. Ukibaki, iwe umetaka mwenyewe.

Uguze mkono huo. Kula.

Baba yako,
Hosea

*

Tolliver
1 Mei 1966

Baba yangu mpendwa,

Salamu nyingi kama maua ya majirani, maana yetu yameliwa na kuku. Natumaini u mzima. Plasta imetoka na mkono umerudi, ona mwandiko.

Ulisema nitake mwenyewe. Nilikaa na tiketi yako mwezi mzima na nimetaka mwenyewe: nabaki. Kulikuwa na kitu kimoja zaidi. Jioni moja alikuja Jewel, mjukuu wa Mama Tarver, ana miaka kumi na minne na mdomo mrefu kuliko miguu. Akasimama mlangoni petu.

"Ati kweli hukulia ulipoanguka?"

"Nililia."

"Mbele yao?"

"Nyumbani."

Akafikiri. "Mimi nitalia mbele yao. Nikianza kulia sinyamazagi. Bibi ameniandikisha shuleni kwenu kuanzia Septemba, na mimi nimekubali, lakini nataka unionyeshe ule mkono unawekwaje." Basi kila jioni tunasimama sebuleni kwetu kama viti vya ziada, Mama anatupitia na sinia za pai.

Sasa sikia hili. Bwana Crump ameniita tena. Mahafali ni Ijumaa tarehe tatu Juni. Wanafunzi huingia ukumbini wawili wawili, na hakuna aliyekubali kutembea na mimi. Akanishauri, kwa sauti tamu ambayo sikuwahi kuisikia kwake, kwamba nikachukue cheti changu ofisini asubuhi ya siku hiyo, "bila usumbufu kwa yeyote."

"Nitatembea peke yangu, bwana," nikamwambia.

"Utakuwa wa mwisho."

"Bawabu siku zote huingia wa mwisho, bwana." Hakunielewa, nami sikumfafanulia.

Kila mwanafunzi amepewa nafasi za watu wawili, viti vya nyuma. Atakuja Mama na Mama Tarver. Kwa hiyo sikualiki kuketi. Narudisha glavu zako humu. Mimi zinanipwaya bado, na siku ile ningependa ziwe mikononi mwa mwenyewe. Kiapo chako nakijua na sitakuuliza tena. Tiketi yako ninayo bado. Nimeulizia kituoni, wanasema ya kuja huku na ya kwenda huko bei ni moja.

Binti yako anayekupenda,
Arletha

*

Tolliver
Jumanne, 7 Juni 1966

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo, na pole kwa safari. Natumaini basi halikukuchosha sana na kwamba msimamizi wako hakukukata siku uliyokosa kazini. Sisi ni wazima, tena tumenenepa, maana pai zilizobaki tumekula wenyewe.

Barua yangu ya Mei hukuijibu. Nilingojea mpaka nikaacha kungojea. Nilijiambia Baba ana haki na kiapo chake, na Ijumaa ile nilivaa joho langu bila kinyongo na wewe. Nataka ulijue hilo.

Ya nje unayajua kuliko mimi. Acha nikueleze nilivyoona mimi, na ya ndani, maana mlango ulifungwa nawe ukabaki nje.

Tulipangwa koridoni. Wawili wawili wakaingia, piano inapigwa, vijana wawili wameshika mlango. Jozi ya mwisho ilipopita, wale vijana wakatazamana, wakauachia. Sikuvunjika moyo, nilikasirika tu, nikaendelea na mwendo wetu ule wa siku ya mabawabu, hatua, simama, hatua. Nilishaamua nitaufungua kwa mkono mwenyewe. Mlango ukawa unajifunga mbele ya uso wangu.

Kisha nikaona glavu nyeupe.

Uliudaka, ukausukuma mpaka mwisho, ukasimama nao. Mgongo wima, mkono wa kushoto nyuma, uso hausemi kitu. Sikuwahi kukuona umezeeka hivyo, Baba, wala umependeza hivyo. Ukainua mkono wa kulia ukanipa ile ishara yetu: nafasi ipo, pita mbele. Nilitaka kukurukia shingoni. Nilipita mbele.

Ndani piano ilikuwa imeacha kupigwa. Nilitembea ukumbi mzima nasikia viatu vyangu. Mama anasema alishika mkono wa Mama Tarver akaubana mpaka pete ikamwachia alama, na Mama Tarver hakutikisika. Wengine walipotajwa walipigiwa makofi na vifijo. Walipotaja jina langu halikupigwa hata kofi moja. Kisha nikasikia kitu kule nyuma: Mama alikuwa amesimama. Mama Tarver naye akasimama, na fimbo yake. Walisimama tu, ukumbi mzima umegeuka unawatazama, mpaka nikafika jukwaani.

Bwana Crump alikuwa ameshika cheti changu. Mkono wa kulia ulikuwa na maumivu bado, kwa hiyo niliutoa ule wa kushoto nyuma ya mgongo nikaufungua mbele yake, kiganja kitupu, kilekile alichokigeuza kwa kalamu. Alikitambua, Baba. Niliona akikitambua. Safari hii hakuniuliza nina nini. Alikiweka cheti pale kiganjani mwenyewe.

Na pale nje tulipotoka, Mama Tarver alipokuja kusimama kando yako akakugusa bega, akasema, "Hosea, nimekupokea, umechelewesha chakula cha watu," nilikuona ukijipangusa uso kwa glavu. Usiniambie ni vumbi. Sasa huna kisingizio tena cha miguu. Waambie hao wa Detroit wakupe mlango.

Uliondoka Jumamosi, kwa hiyo ya Jumapili hukuyaona. Mama Tarver alinisimamisha mlango wa katikati, wako. Alisema mlango umekaa wazi vya kutosha. Nikasimama nyimbo zote, mahubiri yote, na unamjua Mchungaji akianza hajui kumaliza. Miguu iliniwaka. Sikuegemea.

Walipofikia sadaka nikasikia viatu vya mtu anayejaribu kutopiga kelele. Jewel. Gauni jeupe la kuazima, glavu nyeupe zimemfika viwikoni, midomo ameibana asije akasema kitu. Alisimama kando yangu. Mkono wa kushoto akauweka nyuma, mahali penyewe hasa. Kisha akanigusa bega.

Nilimwachia mlango, Baba. Nikaenda nikaketi kando ya Mama.

Binti yako,
Arletha